Kibao Kipole

Temeke, Jumatatu 8 Machi 1954

Daftari hili nililinunua kwa ajili ya chuo. Lina kurasa tisini na sita na jalada la bluu, na nilikuwa nimeapa halitaguswa na wino mpaka nikae darasani. Leo nimelifungua. Nina hasira, na hasira zangu hazina mahali pengine pa kwenda.

Jambo lenyewe ni hili. Nimepata nafasi katika chuo cha mabwana shamba, Jimbo la Ziwa, mwendo wa siku moja tu kwa meli kutoka kwa mama. Natakiwa niripoti kabla ya tarehe saba Juni, nikiwa na barua ya ruhusa kutoka ofisini. Bila barua hiyo, nafasi anapewa mwingine. Barua inasainiwa na Mzungu wetu, lakini Mzungu wetu husaini kile tu anachowekewa mezani na karani mkuu, na karani mkuu ni Kaka Adelard.

Adelard si kaka yangu wa tumbo moja. Ni mtu wa kwetu Bukoba, kanizidi miaka kumi na minne, na ndiye aliyenitafutia kazi hii na chumba hiki ninamoandikia. Leo nilisimama mbele ya meza yake nikiwa nimeshika kofia.

"Shikamoo, Kaka. Ile barua yangu?"

"Marahaba. Nimeshaiandika, naishughulikia. Subiri tumalize kombe."

"Kombe ni mwisho wa Mei, Kaka."

"Basi si utakuwa na wiki nzima? Haraka ya nini, Gozbert? Mihogo ya huko shamba haikimbii."

Makarani wote wakacheka. Nikasema, "Sawa, Kaka."

Kombe lenyewe ni la mpira wa meza, la makarani wa idara zote, na linachezwa klabu yetu hapa Temeke. Mara mbili Adelard amefika fainali, mara mbili amefungwa na Elinaza wa Reli, Mpare mwembamba asiyepiga hata mpira mmoja. Yeye hurudisha tu, hurudisha tu, mpaka mwenzake akosee. Hapa mjini mtu wa pili anayecheza hivyo ni mimi. Kwa hiyo kila jioni Adelard anataka nisimame upande wa pili wa meza niwe Elinaza wake. Klabuni wananiita Ukuta. Mwaka mzima nimelipenda jina hilo, leo tu ndiyo nimelielewa.

Jumatano 10 Machi

Mvua ya kwanza. Tumecheza kwa muda wa saa mbili.

Jumamosi 13 Machi

Adelard amepata kibao kipya kwa baharia mmoja. Vibao vyetu sote vimevikwa mpira wa vipele, ukigonga unasikia ko, ko. Hiki kimevikwa sponji nene kama andazi, na hakisemi kitu. Tumekipa jina godoro.

Mama yangu! Mpira unatoka kwenye godoro kama umetumwa na shetani. Mie mchezo wangu ni wa masikio. Nikisikia alivyogonga najua utakuja wapi. Sasa sisikii chochote, naona tu kitu cheupe kimeshanifikia. Kibao changu cha zamani kimepasuka mpinini, na kila nikigusisha mpira unaruka juu, naye anaumaliza.

"Tafuta kibao kingine," akaniambia. "Siwezi kufanya mazoezi na mtu anayenirushia mipira dirishani."

Barua ni wiki ijayo. Sawa, Kaka.

Jumatatu 15 Machi

Nimepita maduka yote ya Uhindini. Vibao vipo, ila vyote ni vya wapigaji: vikavu, vina pupa. Ukivigonga kwa ukucha vinakujibu kabla hujamaliza.

Jumamosi 20 Machi

Nimekwenda Keko kwa Fundi Kondo, anayetengeneza vitanda na meza pale kando ya barabara. Ni Mzaramo mfupi mwenye unga wa mbao mpaka kwenye nyusi, na mdomo wake haupumziki.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, Mhaya. Unataka kitanda? Unaoa?"

"Nataka kibao."

Akakitazama kiganja chake, akakipuliza vumbi. "Kibao ninacho hapa. Nikupe shavu la kulia au la kushoto?"

Wenzake wakaangua kicheko mpaka mmoja akaketi chini. Nilipopata nafasi nikamchorea umbo la kibao kwenye kipande cha ubao, nikamweleza na kazi yake. "Nataka kizito," nikamwambia. "Mpira ukikigonga usikurupuke."

"Kizito tu? Hilo halina taabu."

Hakutaka malipo. Alitaka nimwandikie barua kwa Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, kuhusu kiwanja alichoachiwa na marehemu baba yake kule Bunju. Nikamwandikia palepale kwenye benchi lake, kurasa mbili safi, hata sikufuta neno. Barua za watu zinanitoka kama maji. Yangu ndiyo imekwama.

Alhamisi 25 Machi

Mvua. Barua bado.

Jumatatu 29 Machi

Kibao kimekuja. Ni mninga mtupu, kipande kimoja, kimepigwa msasa mpaka kinang'aa. Kwa uzuri wake ungekitundika ukutani. Na ni kizito kweli, ukikishika mkono unashuka wenyewe.

Mezani ikawa aibu. Mpira ukigusa mninga unaruka kama umeungua. Wa kwanza ulipiga dari. Wa nne ulimpata mlinzi wa klabu shingoni. Adelard alicheka mwanzoni, ulipofika mpira wa kumi hakucheka tena. Akaweka godoro lake mezani.

"Gozbert, unanifanyia makusudi? Kwa sababu ya barua?"

"Hapana, Kaka."

"Maana makusudi hata mie nayajua."

Akaondoka bila kuaga. Nimekaa hapa mkono unaniuma mpaka begani, na hofu imenishika. Miezi miwili na siku chache, basi.

Jumanne 30 Machi

Bi Tunu, mwenye nyumba wangu, amekiona kibao mlangoni. Ni mjane, mzaliwa wa hapahapa, na hana jambo analolipita kimya.

"Mwiko gani huu?"

"Si mwiko, Bi Tunu. Ni cha kuchezea mpira."

Akachukua nazi, akaigonga na ukingo wa kibao mara moja tu. Ikapasuka katikati. "Aka! Huu usiuguse tena, ni wangu," akasema. Kisha akaniuliza kwa nini nimenuna tangu jana, nikafanya kosa la kumweleza.

"Loo! Mtu mzima na ndevu zako unaomba ruhusa miezi, kama mtoto anayeomba kwenda uani? Upole wako huo utakumaliza, mwanangu."

Nikamwambia haelewi mambo ya ofisi. "Sielewi kweli," akasema. "Mie naelewa nazi."

Jumamosi 3 Aprili

Keko tena. Nilikuwa nimejiandaa kugomba njia nzima, na viatu vilikuwa vimejaa maji.

"Fundi, umeniharibia. Kibao chako kinarusha mpira mpaka Kawe."

"Ala! Ulisema nini wewe? Si ulisema kizito? Nikakupa mninga. Ungetaka kizito kuliko huo ungekwenda bandarini ukabebe nanga."

"Sikusema uzito wa mizani! Nilitaka kizito kama mtu mzito. Mtu ambaye ukimtukana, anakaa kwanza. Hakurukii."

Kondo akaacha kupiga randa. Akanitazama kwa huruma. "Huyo si mzito, Mhaya. Huyo ni mpole. Ungesema kipole!" Akajipiga paja. "Kizito ni cha kubebwa. Kipole ni tabia. Wiki mbili zote tunahangaika kwa neno moja, nami watu wakisikia watasema Kondo hajui kazi."

Nikaona kwamba hilo la mwisho limemuuma kweli, nikamwomba radhi. Akaupokea mpira niliokuwa nao mfukoni, akaanza kuudondosha juu ya kila ubao aliokuwa nao, kutoka urefu uleule, usawa wa kidevu chake. Mninga, mpira ulirudi mpaka kifuani. Mvule, kifuani pia. Msonobari wa kreti, tumboni. Ubao mwembamba wa sanduku la chai, ule wa matabaka, chini ya kitovu. Kisha akaokota gogo la msufi alilokuwa analikalia, akalichonga upande mmoja. Mpira ukaanguka, ukasema pu, ukapanda mpaka gotini kwa uvivu, basi.

"Huyu hapa mpole wako," akasema. "Ila peke yake atavunjika. Tutaweka msufi katikati, sanduku la chai juu na chini, tushike na gundi ya ngozi."

"Lini?"

"Gundi ikikauka." Tukaangalia juu wote wawili. Mawingu yalikuwa yamekaa juu ya Keko kama yamepanga nyumba huko.

Neno lenyewe limenikaa vibaya njia nzima ya kurudi. Mpole ndivyo wanavyoniita ofisini tangu siku ya kwanza, na hawajawahi kulitumia kunisifu.

Jumatano 7 Aprili

Gundi haijakauka.

Ijumaa 9 Aprili

Gundi haijakauka. Barua wiki ijayo. Sawa, Kaka.

Jumanne 13 Aprili

Mvua juu ya bati la klabu ni kelele tupu. Hata mpira wa vipele sasa siusikii. Nacheza na kibao cha kuazima na kila jioni natoka nimefungwa kama mtoto, halafu naambiwa simsaidii. Nikirudi chumbani nguo za jana hazijakauka, kitanda kina unyevu, na mkate wa juzi umeota ndevu. Nauchukia mji huu. Nauchukia mpaka harufu yake.

Jumapili 18 Aprili, Pasaka

Baada ya misa Adelard alinishika mkono mlangoni pa kanisa. "Huna ndugu mwingine hapa. Twende ukale kwangu."

Sijawahi kuingia ndani kwake zaidi ya barazani. Ana vyumba viwili na viti viwili. Ukutani kuna picha ya mkewe, Dada Auleria, na watoto watatu wamevaa viatu. Dada Auleria alikwenda nyumbani kujifungua mwaka juzi na hakurudi. Makarani wanalijua hilo na hakuna anayelitaja. Adelard alipika mwenyewe ndizi zilizokuja kwa treni, nyeusi nje lakini ndani nzuri. Aliniwekea zote zilizo laini, yeye akala zilizoshikana na sufuria.

Akanisimulia alivyofika Dar mwaka wa vita, hajui Kiswahili cha hapa, wakimcheka sokoni. "Hakuna aliyenitafutia chumba," akasema. "Ndiyo maana wewe nilikutafutia."

Nikaona ndiyo saa. "Kaka, ile barua..."

"Leo ni Pasaka, Gozbert. Kula."

Baadaye, akiwa amenipa mgongo anaosha sahani, akasema, "Ukishaondoka..." halafu hakumaliza. Nilingoja. Akauliza kama nataka chai. Nikasema ndiyo, tukanywa chai, na mvua ikatuweka pale mpaka saa kumi na moja. Ni mtu mwema. Ingenisaidia sana kama angekuwa mbaya moja kwa moja.

Alhamisi 22 Aprili

Nilikwenda kuchukua kibao. Fundi Kondo alikitoa kwenye jiliwa lililokibana kwa fahari, akakipinda kidogo kunionesha ugumu wake, na tabaka la juu likabaki mkononi mwake. Gundi ilikuwa kama kamasi.

 Yeye ndiye aliyetukana, akaitukana mvua, gundi, na ng'ombe aliyetoa ngozi. Sasa amekibana upya na kukiweka kwa Hamisa, jirani yake anayekaanga mihogo, kwenye rafu iliyo juu ya jiko, kipate joto siku nzima.

Jumatatu 26 Aprili

Nimeuliza. Wiki ijayo. Sawa, Kaka.

Jumamosi 1 Mei

Kipo! Kinanuka chai na mihogo ya kukaanga. Ni chepesi kiasi kwamba nilidhani nimepewa nusu. Nimekivika mpira wa vipele mwenyewe, Fundi Kondo akinisimamia na kunikosoa kama mama mkwe.

Jioni Adelard alikamata godoro akapiga kwa nguvu zake zote. Mpira ukaja bila sauti. Nikaweka kibao chini yake, nikaukata, kikasema pu, ukavuka wavu chinichini na kufia upande wake. Akapiga tena. Pu. Akapiga kulia, kushoto, akanisukuma mpaka mgongo ukagusa ukuta wa klabu, na huko nyuma kabisa nikaurudisha. Watu wakaanza kuhesabu kwa sauti. Ulipofika mpira wa thelathini na moja mie nikacheka, nikicheza nacheka, na machozi yakanilenga. Tangu nipate nafasi ya chuo Februari sijafurahi hivyo.

Adelard akazunguka meza, akanikumbatia mbele ya watu wote.

"Elinaza mwenyewe huyu! Sasa ndiyo hutoki hapa, Ukuta! Hutoki!"

Wakacheka wote. Nami nilicheka. Nikicheza vibaya, ananyima barua kwa kuwa namharibia mazoezi. Nikicheza vizuri, ananyima kwa kuwa namfaa. Nimetembea Keko mara nne kwenye matope nikitafuta kitu cha kunifungia mlango kwa nje, na nimekipata.

Jumatano 5 Mei

Mwezi umeandama jana. Bi Tunu amefunga, na mdomo wake ndiyo umezidi makali.

Jumatano 12 Mei

Bonde la Keko limejaa maji, barabara ya mjini imekatika tangu jana. Hakuna ofisi. Nikasema alhamdulillahi kama Bi Tunu, leo sitamwona Adelard.

Saa tisa alifika. Alikuwa amekunja suruali juu ya magoti, viatu shingoni, godoro limefungwa kwenye gazeti juu ya kichwa.

"Mafuriko hayachezi mpira wa meza," akasema. "Twende."

Tukacheza sisi wawili peke yetu klabu nzima, bati likinguruma. Nilitaka kumchukia, na nikamchukia. Lakini kabla hatujaanza alitoa mfukoni chupa ya dawa ya kikohozi, kwa sababu Jumatatu alinisikia nakohoa. Mtu kama huyu unamfanyaje? Nikamshukuru, nikamrudishia mipira mpaka giza likaingia.

Jumatano 19 Mei

Fomu ya kombe inataka majina mawili kwa kila idara. Adelard ameandika lake, halafu langu. "Ni kujaza fomu tu," akasema.

Jumatano 26 Mei

Nafasi yangu imebakiza siku kumi na mbili za kuishi. Leo nimerudi nyuma kwenye daftari hili kuhesabu mara ngapi nimesema "Sawa, Kaka." Nikaona aibu, nikaacha kuhesabu.

Mama ameandika, kwa mkono wa katekista, kwamba amenitengea chumba cha mbele. Sijamjibu.

Ijumaa 28 Mei

Ratiba ya kombe imebandikwa mlangoni mwa klabu. Kila mtu akishinda anakopaswa kushinda, nusu fainali ni Adelard na mimi.

Aliningoja ngazini baada ya kazi.

"Umeona?"

"Nimeona, Kaka."

"Wewe si mtoto. Ukijua la kufanya kesho, Jumatatu barua iko mkononi mwako. Nimeeleweka?"

"Sawa, Kaka," nikasema, na safari hii nilisema kwa moyo wote. Mwishowe jambo limewekwa wazi. Kufungwa ni kazi rahisi, mtu anainua kibao kidogo tu na mpira unapanda juu, wenyewe unaomba kupigwa. Naona kama nimekwisha panda treni.

Jumamosi 29 Mei

Nataka kuandika yote kabla hayajaanza kujipanga vizuri kichwani.

Klabu ilijaa. Mvua ilikuwa nje, watu wote walikuwa ndani, wengine wamesimama juu ya meza za karata. Elinaza alikwisha kumaliza yake na alikaa pembeni anamenya chungwa. Mlangoni nikamwona Fundi Kondo. Alikuwa na saumu, midomo imekauka, amekuja kwa miguu kutoka Keko na mafundi wenzake wawili, wote wamevaa kanzu za Ijumaa. Alikuwa amewaleta waone kazi yake.

Mchezo wa kwanza nilifanya kama nilivyoahidi. Nikainua kibao. Mipira ikapanda, Adelard akaimaliza mmoja baada ya mwingine, watu wakipiga kelele "Godoro! Godoro!" Nikafungwa ishirini na moja kwa tisa. Hakunitazama usoni hata mara moja. Nilikuwa najisikia mwepesi, nahesabu vituo vya treni kichwani: Morogoro, Dodoma, Tabora.

Wakati wa kubadilisha upande Kondo alipenya watu akanishika kiwiko. Alikuwa anazungumza chini, mtu yule asiyejua kunong'ona.

"Kimefunguka?"

"Nini?"

"Gundi. Nyonge kwa mvua hii, najua. Nioneshe, labda kimefunguka ndani." Akakichukua, akakigonga kwa kifundo cha kidole, akakisikiliza sikioni. "Mbona kizima? Basi nimekosea tena. Niambie tu, Mhaya. Niambie nimekosea wapi."

Nyuma yake wale wenzake walikuwa wanatazama sakafu. Mmoja alisema, si kwa ubaya, "Kondo bwana, wewe kaa na vitanda vyako."

Nikamwambia, "Hujakosea, Fundi. Nirudishie."

Sikuamua kushinda. Naomba nijielewe hapa: sikuamua kitu cha ushujaa. Nilishindwa tu kuinua kibao. Mkono ulikataa kumfanya yule mzee mwongo mbele ya wenzake. Mpira wa kwanza ukaja, nikaukata vizuri, pu. Adelard akaniangalia, ndiyo mara ya kwanza siku hiyo. Nikarudisha wa pili. Akafikiri labda natia chumvi ili watu wasishuku, akatabasamu. Tulipofika kumi kwa kumi hakutabasamu tena.

Mchezo wa pili niliuchukua, ishirini na moja kwa kumi na saba. Wa tatu sijui nieleze vipi. Kila mpira ulikuwa mrefu kama wiki. Yeye anapiga, mie narudisha, anapiga, narudisha. Jasho lilimtoka mpaka shati likaonesha fulana. Ilipofika ishirini kwa kumi na tisa, zangu ishirini, tukacheza mpira mmoja ambao watu waliacha kuuhesabu. Nilikuwa nyuma kabisa, kisigino kinagusa ukuta, na nikamwona vizuri kuliko siku zote: mtu mzima amechoka, anarusha kila alicho nacho kwa mtu ambaye lazima amrudishie. Katikati ya mpira akapaza sauti.

"Piga! Piga basi, Gozbert! Piga na wewe!"

Sikupiga. Nikaurudisha taratibu, chini, mahali palepale. Akaupeleka kwenye wavu.

Watu walipiga kelele mpaka bati likasahauliwa. Kondo alikuwa anawaambia wenzake, "Msufi! Msufi katikati, nilisema mie!" Adelard akanipa mkono, akatoka nje. Nami nikakaa kwenye benchi na kwa mara ya kwanza nikaelewa nilichofanya. Nikawaza chumba cha mbele cha mama. 

Fainali nilifungwa na Elinaza. Ukuta kwa ukuta. Nusu ya watu waliondoka kwenda kufuturu kabla hatujafika katikati, nao wamefanya vema.

Nilipotoka Adelard alikuwa bado yupo barazani, koti begani. Aliingiza mkono mfuko wa ndani, akatoa bahasha, akaninyooshea. Ilikuwa imelainika kwa unyevu kama kitambaa.

"Chukua. Jumatatu sitaki kukuona ofisini."

Nikaifungua palepale. Barua ya ruhusa, jina langu, muhuri, saini ya Mzungu. Nikasoma tarehe, nikaisoma tena. Tarehe kumi na moja Machi.

"Kaka, hii ni ya Machi."

"Najua ni ya Machi."

"Ilikuwa mfukoni mwako? Siku zote hizi? Pasaka ilikuwa mfukoni mwako?"

 Alikuwa anatazama maji yanavyotoka kwenye mfereji wa bati. "Ningekupa Machi, ningecheza na nani?"

"Si ungeniambia ni kombe tu! Ningebaki mpaka kombe, ningejua tu kwamba ninayo!"

"Elinaza ni mara moja kwa mwaka, Gozbert," akasema. "Jioni ni kila siku."

Nilitaka kumpiga. Naandika ukweli: kibao cha kiganja, kile cha Fundi Kondo, shavu la kulia na la kushoto. Nilisimama pale na karatasi mkononi, na nikamwacha aende zake kwenye mvua bila kofia.

Jumanne 1 Juni, ndani ya treni

Mvua imekatika usiku. Bi Tunu amenifungia mikate ya kumimina, na alipotaka kunirudishia ule mninga nikamwambia abaki nao, kwetu hakuna minazi. Akalia, akasema ni kitunguu, na hakukuwa na kitunguu. Kibao kipole ninacho ndani ya sanduku, kimefungwa kwenye shati. Barua iko kifuani. Daftari limebaki na kurasa sitini na mbili, hizo ni za chuo.

Sikutegemea Adelard atakuja stesheni. Alikuja na suti yake ya Jumapili, akasimama mbali kidogo, karibu na wauza machungwa. Nilimwamkia kwa kichwa. Akanijibu kwa kichwa. Kengele ilipolia akasogea, na treni ilipoanza akawa anatembea sambamba na dirisha langu, koti limemkaa vibaya, anapishana na watu.

"Gozbert! Utaniandikia?"

Ulikuwa mpira mwepesi kabisa, wa kurudisha hata ukiwa umefumba macho. "Sawa, Kaka" ilikwisha kufika mdomoni. Akaongeza mwendo, mkono mmoja ameuweka kwenye ukingo wa dirisha.

"Utaniandikia, eh?"

Nikauacha upite.